Kolamu Iliyokataa Kubanwa

Waliokuwa dukani asubuhi ile nawataja kwanza, msije mkanichanganyia mbele ya safari. Alikuwepo Masanja Luhende, mtoto mkubwa wa marehemu Mzee Luhende, ambaye ukoo ulimpendekeza asimamie mirathi. Alikuwepo Doto Luhende, mdogo wake wa kike, anauza mchele pale sokoni Bariadi. Alikuwepo Shija Luhende, anayemfuata Doto, fundi pikipiki na mtu wa maneno mengi. Alikuwepo shangazi yao Minza, dada wa marehemu, ametoka Sola na kitambaa cha msiba bado kiko kichwani. Alikuwepo Neema, binti wa mwenye duka, aliyenifundisha kompyuta ingawa nina wajukuu wa umri wake. Na mimi Kabula, mchapaji. Hao ni sita. Mtu wa saba alikuwepo pia, ila sisi hatukumwona. Nitamfikia.

Nimestaafu juzi tu. Neema ndiye aliyesema, "Bibi, hawa wasichana wapya wakikutana na tebo, hizi jedwali za kompyuta, wanalia. Waandikie." Nikamwambia mimi ni wa darasa la nne, nitawaandikia nini? Akasema niandike kama ninavyosema. Basi ndivyo ninavyofanya, na mkikuta nimerudia neno, jueni ndivyo ninavyosema.

Kazi niliianzia Maswa, kwenye jinari ya pamba, na sikuanza kama mchapaji. Nilianza kama mfagiaji. Pamba ikichambuliwa, manyoya yake yanaruka hewani yanaingia kila mahali, hasa kwenye taipu ya karani. Kazi yangu ya kwanza ya ofisini ilikuwa kuyatoa manyoya hayo katikati ya herufi kwa unyoya wa kuku na mafuta kidogo ya taa. Karani alikuwa Mzee Budodi, mwembamba, shingo ndefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata jua likiwa kali namna gani. Siku moja akaniuliza, "Kabula, hizo herufi unazozifuta kila siku, unazijua majina?" Nikazitaja zote, kwa mpangilio wa kwenye mashine, siyo ule wa shuleni. Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akanikalisha kwenye kiti chake.

Alinifundisha kolamu kabla ya kitu kingine chochote, maana jinari ni orodha tupu: jina la mkulima, kijiji, uzito wa gunia. Kwenye taipu kolamu unaiweka kwa meno ya chuma nyuma ya mashine. Unalisogeza jino, unabonyeza, linakaa. Ukiliweka leo, baada ya masika utalikuta palepale. Mzee Budodi alisema mkono wangu ni mzito kama wa mtu anayetwanga mtama, lakini kolamu zangu zilisimama wima kama nguzo za simu.

Na alinipa sharti moja, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema: kitu ulichokikuta kwenye karatasi ya mtu, usikifute mpaka umemuuliza aliyekiweka. Siyo kwamba alikuwa mtu wa maneno makubwa. Aliwahi kumtoa mkulima mmoja kwenye orodha akidhani jina limejirudia, kumbe walikuwa baba na mwanawe, wote wanaitwa Maduhu Maduhu. Yule mtoto alikuja ofisini, akasimama mlangoni, hakugomba. Aliuliza tu, "Karani, mimi nipo au sipo?" Mzee Budodi aliniambia hilo swali lilimfuata mpaka nyumbani.

Nilipohamia Bariadi nikaingia kwenye duka la steshenari karibu na mahakama. Hapo ndipo nilipokutana na kompyuta. Siku ya kwanza nilipewa mausi, nikaiinua juu nikaielekeza kwenye kioo. Neema, wakati huo bado ana sare za shule, akaniambia, "Bibi, hiyo haipandi hewani, inatembea mezani." Kiingereza sikijui, lakini najua kila kitufe kwa mahali kilipo, kama unavyojua chumvi iko wapi jikoni gizani. Tebo ndiyo iliyonisumbua. Kolamu za kompyuta hazina meno ya chuma. Unaziweka, unageuka kuchukua karatasi, ukirudi zimesogea. Mwanzoni nilidhani kuna mtu ananichezea.

Sasa nije kwa akina Luhende.

Walikuja saa tatu asubuhi. "Wangaluka, mayu," Masanja akanisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama, kofia ameishika mkononi, uso wa mtu asiyelala vizuri. Baba yao alikuwa amezikwa Sola, kwao walikotoka wazee, na ukoo ulikaa kikao hukohuko. Wakati wa kurudi walipita Maswa wakachapisha muhtasari wa kikao kwenye duka moja la huko. Lakini nyumba na shamba la marehemu viko Bariadi, kwa hiyo walitakiwa kuupeleka mahakama ya hapa kufungulia mirathi. Karani wa mahakama aliurudisha. Tebo ya majina ilikuwa na kolamu nne: jina, uhusiano na marehemu, mahudhurio, na sahihi. Kolamu ya sahihi ilikuwa imekatwa na ukingo wa karatasi. Sahihi walizoweka kikaoni, zikaskaniwa na kubandikwa humo, zilitoka nusu nusu, Masanja alibaki na "Mas" tu.

"Karani anafunga saa sita," Masanja akasema. "Kesho anasafiri, wiki nzima. Na kuna mtu ameshaanza kulima mpakani mwa shamba la mzee. Nikikosa leo, nitakuta mtama umeota."

Akanipa flashi. Doto alikuwa amekaa kwenye benchi, pembeni kabisa, ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na shangazi. Shija alipotaka kuijaza, Doto aliweka mkono pale bila kumtazama. Shija ameshazoea, akasimama ukutani.

Nikafungua faili. Tatizo nikaliona mara moja: kolamu ya pili, ile ya uhusiano, ilikuwa pana kama uwanja. Maneno yenyewe machache, "mtoto wa marehemu", "dada wa marehemu", halafu weupe mtupu mpaka huko. Huo weupe ndio uliosukuma sahihi nje ya karatasi. Kazi ya dakika mbili, nikasema moyoni.

Nikapeleka mausi kwenye ule mstari wa wima unaotenganisha kolamu, nikasubiri igeuke kuwa mishale miwili, nikashika, nikavuta kushoto. Ukaja. Nikaachia. Ukarudi.

Nikavuta tena. Ukarudi tena, taratibu, kama mlango ambao upande wa pili kuna mtu ameuegemea.

"Bibi, mvute kwa nguvu huyo," Shija akasema.

"Shija, hii ni mausi, siyo ng'ombe wa kukokota jembe."

"Mimi naona kama anakushinda."

Wasichana wangu, hapa msikilize. Kolamu ikikataa, usigombane nayo, iulize. Kwanza angalia kama hujateua kisanduku kimoja, maana ukiteua kimoja kitasogea hicho peke yake na tebo itakuwa kama meno ya mzee. Sikuwa nimeteua. Pili, ingia kwenye propatizi za tebo, yaani mipangilio yake, uone kama kuna mtu ameipangia kolamu upana wake. Hakuna aliyeipanga. Tatu, angalia otofiti. Ilikuwa imewashwa. Otofiti ndiyo inayoifanya tebo ijipime yenyewe: kolamu inatanuka kumpisha mwenye neno refu kuliko wote, neno ambalo halina nafasi ndani yake, haliwezi kuvunjwa likashuka chini. Kwa hiyo unatafuta neno refu. Ukilipata, umempata mkorofi.

Nikatafuta. "Mtoto." "Dada." "Marehemu." Hakuna neno refu kupita "marehemu", na hilo halihitaji hata robo ya ule upana. Nikashuka tebo nzima, nikarudi juu. Kolamu ilikuwa inampisha mtu ambaye mimi simwoni.

Nikaanza kusoma majina kwa sauti, ndivyo ninavyofanya nikikwama. "Masanja. Doto. Shija." Nikasimama. Kwetu pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Hakuna Doto aliyekuja peke yake.

"Kulwa yuko wapi?" nikauliza.

Neema alikuwa anatafuna karanga, akaacha.

"Alikufa mdogo," Masanja akajibu. "Mama alifariki akimzaa Shija. Ndugu wa mama wakaja kumchukua Kulwa wakamlee kwao Bukundi. Mwaka haukuisha tukaletewa habari kwamba surua imemchukua na wameshamzika. Mzee alinyoa nywele. Tulilia matanga. Endelea, mayu."

Nikasema pole. Doto alikuwa anatazama sakafu, mkono bado uko kwenye ile nafasi ya benchi.

"Bibi, zima tu otofiti," Neema akaninong'oneza. "Itatii."

Ni kweli, ukiizima, kolamu inakaa unapotaka. Nikaizima, nikavuta, ikatii. Sahihi zikarudi ndani ya karatasi. Nikaprinti. Masanja akashusha pumzi, akachukua karatasi ikiwa bado ya moto.

"Ina uchafu," akasema.

Kati ya jina la Doto na la Shija palikuwa na vumbi jeusi, limejipanga kwa mstari mwembamba, vidoa vidogo kama miguu ya sisimizi. Nikadhani ni printa. Nikaifungua, nikaitikisa tona, nikafuta, nikaprinti tena. Vumbi lilelile, mahali palepale. Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta, nikaliona na huko. Nikachukua ncha ya khanga nikafuta kioo. Halikutoka. Nikashusha ukurasa kidogo, na vumbi likashuka na ukurasa.

Mkono wangu wa kulia ukapata baridi. Sisemi ili kuwatisha. Jua la Bariadi mnalijua.

Nikainama karibu. Mstari uliotenganisha Doto na Shija ulikuwa mnene kuliko mingine, kidogo tu, unene wa uzi. Nikakiweka kile kijiti kinachomwekamweka, kinachoonyesha utaandika wapi, kwenye jina la Doto. Nikabonyeza mshale wa kushuka mara moja. Kijiti kikapotea. Hakikuwa kwa Doto, hakikuwa kwa Shija. Nikabonyeza tena, kikatokea kwa Shija. Nikapanda: kikapotea, kikatokea kwa Doto. Nikashuka: kikapotea.

"Kinaingia wapi?" Neema akauliza.

"Kuna mtu hapo katikati," nikasema. Nilimaanisha kuna mstari. Lakini ndivyo lilivyotoka, na Doto akainua kichwa.

Andikeni hili mahali: mstari wa tebo unaweza kubanwa. Ukiingia kwenye propatizi, kwenye urefu wa mstari, ukachagua kipimo kisichobadilika, ukaweka kidogo mno, maandishi yote yanabaki mle ndani lakini hayana pa kuonekana. Vichwa vya herufi tu ndivyo vinachungulia, ndiyo yale mavumbi. Haujafutwa. Umefichwa ukiwa hai. Na kompyuta, isiyojua kuficha, inaendelea kuyapisha maneno yake.

Nikaingia, nikakiondoa kile kipimo. Mstari ukafunguka mbele yetu, ukausukuma wa Shija chini, na maandishi yakainuka.

KULWA LUHENDE.

Kwenye uhusiano, maneno yalikuwa yameshikana yote bila nafasi hata moja, kama mtu aliyesema bila kuvuta pumzi. Neema ndiye aliyeyasoma, kidole kwenye kioo, akiyatenganisha: mtoto wa marehemu, pacha wa Doto, anaishi Bukundi, kwa Nyanzobe.

Kwenye mahudhurio, wengine wote waliandikiwa "Alikuwepo". Yeye aliandikiwa "Yupo".

Shangazi Minza akajifunika mdomo kwa khanga. "Nani amelitaja jina la Nyanzobe?"

"Ni huyu," Masanja akasema, akimwelekea Doto. "Kule Maswa alitaka Kulwa aandikwe, nikamwambia yule binti afute, akafuta naona kwa macho yangu. Kumbe ulirudi nyuma yangu."

"Nilisema aandikwe Kulwa, ndiyo," Doto akajibu. Ndiyo mara ya kwanza namsikia siku hiyo. "Ukafuta, nikanyamaza. Huyo Nyanzobe mimi simjui."

"Humjui kweli," shangazi akasema. "Ni mama mdogo wa mama yenu. Mimi na marehemu tu ndio tuliojua kwamba mtoto alipelekwa kwake. Nyie mlikuwa hamjaota meno ya pili. Na Nyanzobe mwenyewe amekufa, mwaka jana wakati wa mavuno."

Nikaangalia saa ya ukutani. Saa tano na robo.

"Mayu," Masanja akaniambia, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa imechoka, "ufute huo mstari. Niende kwa hakimu nimwambie nini? Kwamba marehemu ana mtoto ambaye yeye mwenyewe alimlilia? Wataniuliza cheti cha kuzaliwa, wataniuliza kaburi. Shamba litaliwa lote mimi bado naulizwa maswali. Futa."

Kufuta ni rahisi. Unateua mstari, kubonyeza mara moja. Mkono ulikuwa uko juu ya mausi. Nilifikiri nikikataa, Masanja atavuka barabara kwa mchapaji mwingine, atafutiwa kwa dakika moja, na huyo Kulwa, kama ni mtu, hatakuwa na mahali popote duniani palipoandikwa. Na kama siyo mtu, sikutaka mimi ndiye nimfute.

"Sifuti," nikasema. "Sikuandika mimi. Nitamuuliza aliyeandika."

"Mimi ndiye ninayekulipa."

"Basi usinilipe. Lakini nitauliza."

Chini ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na namba ya simu ya lile duka la Maswa; maduka yetu yote yanaweka. Neema akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya printa. Akapokea binti, jina lake Ester, sauti ya kitoto. Nikajitambulisha, nikamwambia nina tebo yake na mstari wake nimeufungua.

"Bibi, samahani. Imeleta shida?"

"Haijaleta. Niambie tu nani alikwambia uandike."

"Si yule mama mwenyewe. Yule kaka alisema nifute, nikafuta, wakaondoka wote. Kama nusu saa hivi yule mama akarudi peke yake."

"Mama yupi?"

"Yule aliyekuwa nao. Aliyekaa pembeni. Alikuja amebadilisha khanga, nikashangaa ameipata wapi. Akasema, 'Yule uliyemfuta, mrudishe.' Nikamwambia yule kaka amekataa, ataona. Akasema, 'Mbane. Mweke mwembamba kiasi ambacho hawatamsoma, lakini usimfute.' Akanitajia ya kuandika, anaongea haraka haraka, anatazama mlangoni. Nikamuuliza kwenye mahudhurio niweke nini. Akasema, 'Weka yupo.' Mlinzi wa mahakama akaja kutoa kopi, nikageuka, sikumwona tena. Flashi walikuwa wameisahau, yule kaka aliifuata jioni, nikamprintia na nakala palepale."

Neema akakata simu bila kuaga. Wote tulikuwa tunamtazama Doto.

"Mimi sikurudi," Doto akasema. "Nilikuwa na nyie stendi. Shija alikuwa ananinunulia maji."

"Ni kweli," Shija akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Hakuniacha hata kidogo."

Shangazi Minza akashika ukingo wa benchi. Akasema, polepole, maneno ambayo naona alikuwa ameyafungia tangu Sola. "Siku ya mazishi nilimwona Doto kaburini, amesimama nyuma ya wanaume, khanga ya kijani. Nikatoka pale nikaenda jikoni kuangalia ugali, nikamkuta Doto anapepeta, khanga nyekundu. Nikasema ni msiba, macho yangu yamechoka. Sikumwambia mtu. Niliogopa kusema nimeona wawili."

Masanja alitaka kukaa. Akaiendea ile nafasi kwenye benchi, akasita, akakaa sakafuni, na suruali yake ya mahakamani.

Alikaa pale mpaka saa tano na dakika arobaini. Karani alikuwa bado yupo, angeweza kuwahi. Karatasi niliyoiprinti kwanza, yenye vumbi, ilikuwa mkononi mwake, sahihi zote zimeingia. Akaikunja mara nne. Akanipa.

"Usiprinti kingine mpaka nirudi," akasema. "Shangazi, inuka. Tunakwenda Bukundi."

"Na Doto?" shangazi akauliza.

"Siendi," Doto akasema. "Nikikuta kaburi la mtoto mdogo, nitabaki hukohuko. Nendeni nyie. Mimi nitakaa hapa kwa bibi."

Na kweli alikaa. Siku tatu aliacha mchele wake kwa jirani, akawa anakuja asubuhi anakaa pembeni ya benchi lile. Wateja wakitaka kukaa, anasogeza mkono. Masanja hakupiga simu, na ya kwake ilikuwa haipatikani. Nilichapa barua za watu siku hizo tatu, na nakiri kwamba kila nilipofungua tebo, hata ya orodha ya wanafunzi, nilikuwa natazama kwanza kati ya mistari.

Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa nafungua bunda la karatasi. Mtu akaingia, akasimama mlangoni, jua nyuma yake. Nikainua macho, nikasema kama ninavyosema siku zote, "Wangaluka, Doto. Leo umechelewa."

Nyuma yangu kikombe kikavunjika. Doto alikuwa huko ndani, anakunywa chai na Neema.

Sitaandika namna walivyoonana. Nilitoka nje nikawaacha, na Masanja nikamkuta ameegemea nguzo ya umeme, analia kama watoto wanavyolia, kwa sauti. Shangazi Minza ndiye aliyenieleza. Nyanzobe hakujaliwa mtoto. Aliogopa kwamba Kulwa akikua kidogo ataitwa kwao, ndipo akatuma habari za surua. Akamwambia binti mwenyewe ukweli alipokuwa anakata roho. Kaburi hakuna, halikuwahi kuwepo. Tangu hapo Kulwa alikuwa anakuja kuwatazama nduguze, Bariadi, Sola, hata nje ya lile duka la Maswa, halafu anarudi, kwa sababu kila mlango aliotaka kubisha ulikuwa wa watu waliokwisha kumlilia.

Walipotulia nikafungua faili, nikaiwasha tena otofiti. Nikayatenganisha yale maneno yake, nikaweka nafasi baina ya neno na neno, na kolamu ikajipunguza yenyewe, nikiwa hata sijaishika. Basi hiyo ndiyo tiba yake, wasichana: msiibane kolamu, mtafuteni anayeitanua, mmpe nafasi yake. Masanja akasema kwenye mahudhurio niandike "Alikuwepo", yaani kama wengine. Kulwa akakataa. "Andika ukweli. Nilikuwa nje ya ua." Nikaandika hivyo. Karani aliporudi safari aliusoma mstari huo mara mbili, akaupiga muhuri. Shamba lao sasa lina mistari ya watoto wanne, na yule jirani wa mpakani amerudi kwake.

Wakati wa kuweka sahihi, Kulwa aliinama karibu yangu, akasema chini chini, "Hapa nimekuja mara tatu kabla ya leo. Kutoa kopi. Kila mara uliniita Doto."

Nikahisi uso unawaka. Mimi, ambaye watu wananiita kuja kuwakumbusha majina ya babu zao. "Na wewe ukafanyaje?"

"Niliitikia."

"Kwa nini hukunisahihisha, mwanangu?"

"Ningekwambia mimi ni nani?"

Mara tatu, na nilimwuliza bei ya mchele, na alinijibu. Tangu siku hiyo siamini kichwa changu peke yake. Kwa hiyo nyie mtakaosoma haya, kama nimemwita mtu humu kwa jina lisilo lake, kama khanga ya kijani ilikuwa ya bluu, kama shangazi alikuwa amekaa na mimi nimemsimamisha, tafadhali msiitikie tu mkapita. Njooni nyumbani, mniambie.